Kwa binti ya kaka yangu, kabla hujahama hiyo nyumba

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma zaidi ya mara moja. Unataka kuhama. Unasema majirani wamekwambia aliyekaa chumba hicho kabla yako alifia humo humo, na tangu baridi ianze unaamka usiku wa manane kifua kimekandamizwa, huwezi kuinua hata kidole, na pale mlangoni unaona kama kuna mtu amesimama. Asubuhi kichwa kinagonga. Usingizi ukikataa unashika simu, unatazama majumba ya mizimu ya Uingereza na Marekani mpaka adhana ya alfajiri. Kisha ukamalizia: "Shangazi, kama hakuna kitu, mbona dunia nzima inasimulia?"

Nakujibu hadharani kwa sababu Julai ya Nairobi haikukuta wewe peke yako. Kuanzia Pipeline hadi Githurai wako vijana wanaolala kwenye vyumba kama chako na wanayaona hayo hayo, ila wanaona haya kuuliza. Jina lako silitaji.

Tuanze na jiko. Nilipokutembelea jioni ile, uliwasha makaa kibarazani, yakashika vizuri, ukaliingiza jiko ndani lipashe chumba joto. Ukafunga dirisha. Ukachukua leso kuukuu ukaziba upenyo wa chini ya mlango. Nilikukataza, ukanijibu kwamba makaa yakishakuwa mekundu hayana moshi. Mwanangu, makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inaing'ang'ania kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba sumu mahali pa hewa. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Ikizidi, mtu huchanganyikiwa na kuona yasiyokuwepo. Ikizidi tena, haamki.

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kwenye jarida la kitabibu habari za familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Muda si mrefu watoto wakapauka na kudhoofika. Usiku zikasikika hatua za watu wasiokuwepo. Waliona wageni wamesimama vyumbani. Mmoja aliamka akihisi amekabwa. Kila mtu alikuwa na maumivu ya kichwa. Wakaamini kabisa kwamba nyumba ina mizimu, mpaka likakaguliwa tanuri lililokuwa likipasha nyumba joto. Lilikuwa bovu: gesi zake, badala ya kupanda dohani, zilikuwa zinaingia vyumbani. Tanuri likatengenezwa, na mizimu ikaisha.

Soma tena ujumbe wako, kisha usome aya hiyo.

Kwa hiyo kuanzia leo jiko lilale nje. Ukiwa na baridi ongeza blanketi, chemsha maji utie kwenye chupa ulale nayo, au njoo kwangu. Ukiamka na kizunguzungu, fungua mlango utoke kabla ya kufanya jambo lingine lolote, hata kabla ya kusali. Utasali ukiwa nje, na Mungu atakusikia. Halafu uende hospitali, uwaeleze kwamba ulilala na makaa.

Na huyo aliyefia humo? Muulize keateka alikufa mwezi gani na walimkuta vipi. Usiogope kuuliza. Kama walivunja mlango uliofungwa kwa ndani, wakamkuta kitandani na jiko la majivu katikati ya chumba, basi majirani walikuambia jambo la kweli kabisa na kukuficha nusu yake bila kukusudia. Hivyo ndivyo hadithi za mizimu zinavyofanya kazi, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza kwenye barua hii: hukumbuka kifo, hupoteza sababu.

Kuhusu kukandamizwa kifua, hilo ni jinamizi. Bibi yako lilimpata kila alipokuwa na uchovu. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusije tukatenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka misuli ikiwa bado haijaachiliwa, ndoto nayo haijaisha, na hapo mtu hulala macho wazi akiona kiumbe chumbani, hawezi kupiga kelele. Humpata zaidi anayelala chali na aliyekosa usingizi. Wewe usingizi unaunyima mwenyewe, tena kwa video za kutisha.

Nafahamu jambo hili linaweza kukumba kisiwa kizima. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu mapinduzi, hofu ya Popobawa ilienea Pemba kisha Unguja. Watu waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto unawaka, kwa sababu kiumbe yule alisemekana kuwavamia walio peke yao ndani. Walioeleza yaliyowapata walitaja kukandamizwa, kukosa pumzi, kushindwa kusogea, na wapo watafiti walioona humo sura ya jinamizi. Sikubali kuwaita watu wale wajinga. Walikuwa na hofu halisi katika mwaka wa hofu.

Wala elimu haimkingi mtu. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua magofu ya Gede mwaka 1948, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama. Ukiwahi kusimama kwenye ule msitu saa kumi jioni, nyani wamenyamaza, na lango la jumba la mfalme liko mbele yako bila mlango, utamwelewa.

Kisha yuko Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza, ambaye kisa chake nakipenda kuliko vyote. Alikuwa akifanya kazi usiku kwenye maabara ambayo wenzake walikuwa wanainong'onea. Jasho baridi likamtoka, nywele zikamsimama, na pembeni mwa jicho akaona umbo la kijivu. Alipogeuka, halipo. Kesho yake alikuja na upanga wake wa michezo, ule mwembamba, akaubana kwenye jiliwa autengeneze. Ncha ya upanga ikaanza kutetemeka yenyewe, hakuna aliyeugusa. Badala ya kukimbia, alianza kuusogeza upanga huku na huku chumbani, akaona unatetemeka zaidi katikati na kutulia kwenye kuta. Akafuata dalili hiyo mpaka kwenye feni mpya ya kutoa hewa. Feni ilikuwa inatoa mtetemo wa karibu hezi 19, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia, na mwili wake ulikuwa unaupokea bila yeye kujua. Feni ikarekebishwa, mgeni wa kijivu hakurudi. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1998, na wapo wanasayansi wasiokubaliana naye kwamba mtetemo peke yake unatosha kumwonyesha mtu mzimu. Mimi ninachokipenda ni kwamba alibaki chumbani akapima.

Sasa nirudi kwenye hizo video zako. Ya Amityville, ile nyumba ya Marekani, iache. Novemba 1974 watu sita wa familia moja waliuawa kwenye nyumba ile na mtoto wao mkubwa. Waliohamia baadaye walikaa siku 28, wakatoka na hadithi iliyowapa umaarufu, na wakili wa muuaji akaja kusema kwamba waliitunga pamoja juu ya chupa za mvinyo. Wenyewe walikana. Waliokaa baada yao hawakulalamikia mizimu, walilalamikia watu wanaokuja kupiga picha.

Ile ya New Orleans ndiyo inayoniuma. Aprili 1834 moto ulizuka kwenye jumba la tajiri Delphine LaLaurie. Waliovunja milango kuokoa watu waliwakuta watumwa wamefungwa minyororo, wamekonda, miili ina majeraha ya mateso ya muda mrefu. Magazeti ya wakati ule yaliandika. Mwenye nyumba alikimbilia Ufaransa na hakufikishwa mahakamani. Leo watalii hulipa ili wapitishwe mbele ya jumba hilo usiku, waambiwe kuna sauti za minyororo. Sauti za minyororo! Watu weusi, babu na bibi za watu, wamegeuzwa kelele za kumtisha mtalii, na biashara ya utumwa iliyowaweka pale, kwa sheria na kwa risiti, inatajwa kwa sentensi moja au haitajwi.

Kwetu pia hadithi za namna hii zipo. Menengai, pale juu ya Nakuru, wanasimulia kwamba mvuke unaotoka kreta ni roho za wapiganaji wa Kimasai wa Ilaikipiak, walioshindwa vitani na Wamasai wenzao karne ya 19 wakatupwa humo chini. Mvuke wenyewe ni joto la volkano, na mwaka 2011 visima vilianza kuchimbwa ili utoe umeme. Lakini Ilaikipiak walikuwepo kweli na waliangamizwa kweli kama jamii. Bila mvuke ule, nani nje ya Wamasai angewataja leo?

Na Tsavo. Unawajua simba wawili wa mwaka 1898, waliokuwa wakiwala vibarua wa reli. Luteni Kanali Patterson, Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja la pale na kuwaua mwezi Desemba, aliandika kwamba vibarua wa reli waliamini wale si simba, ni mizimu ya machifu wawili waliokufa, wanapinga reli kukatiza nchi yao. Ukiniuliza, hao vibarua walielewa siasa ya reli ile kuliko waliokuwa wakiisimamia. Patterson baadaye alidai simba hao waliua watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima nywele na mifupa yao, iliyohifadhiwa makumbusho ya Chicago, ulikadiria kama 35. Wakati huo huo, kati ya vibarua walioletwa kutoka India kujenga reli nzima, takriban 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi. Malaria na kuhara havina hadithi, ndiyo maana hawa hawasimuliwi.

Behewa la Ryall umeliona kwa macho yako, pale Makumbusho ya Reli nyuma ya stesheni. Ulikuwa darasa la nne, ukakataa kupanda ngazi. Juni 1900 Charles Ryall, ofisa wa polisi, alilala humo stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua wakati wa zamu yake. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga nyuma yake. Akatoka na Ryall kupitia dirishani. Nenda ukalitazame tena hilo dirisha mchana. Lilivyo dogo utajua kwamba hakuna mzimu unaohitajika ili kisa hicho kitishe.

Umeniuliza pia kama Nairobi kuna jengo lenye mizimu. Ninalokujibu ni Nyayo House, hapo hapo unapotarajia kupanga foleni ya pasipoti. Chini yake kuna seli zilizotumika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kuwatesa waliotuhumiwa kuipinga serikali. Walifungiwa gizani, wakapigwa, wengine wakawekwa uchi ndani ya maji kwa siku nyingi. Seli hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 2003.

Na sijawahi kumsikia mtu wa Nairobi akisema jengo hilo linatembelewa na mizimu. Nadhani naijua sababu. Walioteswa walitoka wakasema. Walitaja tarehe, walitaja waliowahoji, walieleza maji yalifika wapi mwilini. Walikwenda Mahakama Kuu, na baadhi yao wakapewa fidia. Wengine walitoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013. Hawakumwachia mtu mwanya wa kusimulia kwa niaba yao habari za vivuli na vilio.

Wengi wao wangali hai, umri wa baba yako na zaidi, na ushuhuda wao umerekodiwa kwa sauti zao wenyewe. Ukikosa usingizi, subiri kuche, kisha uwasikilize hao.

Wako,
Shangazi