Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: binti yangu analijua jibu, swali ndilo halielewi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kata hapa Tanzania. Nimevumilia mwaka mzima na zaidi nikijiambia mtoto atazoea. Jumatano iliyopita uvumilivu ukaniishia.

Alirudi na karatasi ya jaribio la Bayolojia: 12 kwa 100. Swali la nne hakuliandikia hata herufi moja. Nilipomuuliza, akasema lina neno refu ambalo halijui. Kaka yake akalisoma, akamwambia wanauliza usanisinuru. Mtoto akashika kichwa. "Mama, hiyo si naijua!" Akaanza kunieleza palepale jikoni: jani linavyopokea mwanga wa jua, maji yanavyopanda kutoka mizizini, hewa ya kabonidayoksaidi inavyoingia, mmea unavyojitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Alieleza bila kukwama, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Kisha akaitazama ile nafasi tupu kwenye karatasi, akalia. Usiku ule sikulala.

Mheshimiwa, miaka saba tumemfundisha kwa Kiswahili, na mtihani wa darasa la saba akaufanya kwa Kiswahili, akafaulu. Siku ya kwanza ya sekondari masomo yote yakageuka Kiingereza, isipokuwa machache. Walimu wanawahurumia. Wanaeleza kwa Kiswahili, halafu wanaandika notisi kwa Kiingereza, watoto wananakili na kukariri. Siwalaumu, nao walipita njia hiyohiyo. Ila anayekutwa akiongea Kiswahili nje ya darasa anavalishwa kibao shingoni. Binti yangu amekivaa mara mbili, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya Taifa.

Mtoto wa jirani yangu amesoma mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Ni mtoto mzuri, simwonei wivu. Lakini wote wawili watakaa mbele ya karatasi ileile ya upimaji wa taifa wa kidato cha pili, na mmoja ataisoma kwa lugha aliyolipiwa ada miaka yote. Huyo ndiye mwenye lugha mbili kweli. Wangu ana moja, na hiyo moja tumemkataza kuijibia.

Ahadi tumezisikia. Tume ya Makweta, ile tume ya Rais kuhusu elimu, ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika Kiswahili kitumike ngazi zote. Ilipozinduliwa mwaka 2015 binti yangu hajaanza hata darasa la kwanza, na nilifurahi, nikaamini atasoma sekondari kwa lugha anayoiota. Likaja toleo la 2023 la sera hiyohiyo, sekondari ikabaki Kiingereza.

Sijui tatizo ni gharama ya kuchapa vitabu upya, au ni sisi wazazi mnatuogopa, maana wengi tunakitaka Kiingereza. Hata mimi nakitaka. Nataka afundishwe vizuri, na mwalimu anayekimudu, tangu akiwa mdogo. Kukitaka Kiingereza si kutaka afundishwe Fizikia kwa lugha ambayo hajafundishwa.

Ningekuwa na mengi ya kuomba: walimu, vitabu, vile vibao viondolewe. Nayaacha. Naomba moja. Maswali ya upimaji wa kidato cha pili yaandikwe kwa lugha zote mbili kwenye karatasi moja, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa ile anayoiweza. Akishindwa hapo, nitakubali kwamba hakusoma, na akirudia kidato nitamtia moyo mwenyewe.

Ile karatasi ya Bayolojia ninayo. Ukihitaji kuiona, nitaileta kwa mikono yangu.

Wako mtiifu,
Mama wa mwanafunzi wa kidato cha pili