Tusiogope kumgusa aliyezidisha dozi

Mhariri,

Video za polisi wa Marekani wanaoanguka, eti baada ya kugusa tu fentanili (dawa ya maumivu makali ambayo pia hutumiwa kulevya), zimekuwa zikizunguka kwenye simu zetu. Naomba nafasi niseme kwamba hofu hii ikizoeleka hapa Dar es Salaam, itaua watu.

Fentanili ni kali kweli, inaizidi mofini, dawa nyingine ya maumivu makali, mara 50 hadi 100. Lakini haimlevyi mtu kwa kuigusa hivi hivi. Hata bandiko la fentanili la hospitali, lililotengenezwa makusudi dawa ipenye kwenye ngozi, huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Mwaka 2017 vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani vilitamka kuwa hatari kwa mwokoaji ni ndogo mno. Glavu za naitraili zinatosha kwa kazi za kawaida. Barakoa ni pale unga unapopeperuka hewani. Ukikumwagikia, nawa kwa maji na sabuni, usitumie kitakasa mikono chenye spiriti.

Anayekufa ni yule aliyelala chini baada ya kuzidisha dozi, na anakufa kwa kukosa pumzi. Mimi ni muuguzi wa dharura. Nimemkuta kijana kituo cha daladala Manzese, midomo imeanza kuwa ya bluu, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, anakoroma kwa kukwama, na watu wamemzunguka: "Teja huyo, usimguse, utalewa na wewe." Wengine walidhani amelala. Mtu wa hivyo huinuliwa kidevu ili hewa ipite, anapuliziwa pumzi, huku ikitafutwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya fentanili na heroini. Dawa hiyo humwamsha ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hiyo hata akisimama na kudai yuko fiti, apelekwe hospitali.

Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2014 kwamba naloksoni iwafikie wote wanaoweza kumkuta aliyezidisha dozi. Wataalamu tunao, kliniki ya methadoni (dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini) ya Muhimbili ipo tangu 2011. Naziomba Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ziwape glavu, naloksoni na mafunzo askari wa Zimamoto, polisi wa doria na vijiwe vya bodaboda. Hao bodaboda wasiachwe nyuma jamani, maana mara nyingi ndio wanaompakia mgonjwa kabla hata gari la wagonjwa halijapigiwa simu.

Muuguzi, Dar es Salaam