Kwa Mwanaidi, kabla Salim hajawekwa figo

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanaidi dadangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Salim. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya matatu, Jogoo Road, halafu nikausikiliza tena nilipofika nyumbani kwa sababu mara ya kwanza machozi yalinizuia kushika tarehe. Kwa hivyo vipimo vya Rukia na Salim vimekubaliana, na baada ya miezi 3 dada atampa kaka yake figo. Nimesema alhamdulilahi pamoja nanyi, hapa peke yangu jikoni. Miaka 2 ya kulala kando ya mashine ya kusafisha damu mara 2 kwa wiki, na hajawahi kunipigia simu kulalamika hata siku moja. Mwambie namwombea.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa kuwa hili ni jambo la kushikwa mkononi na kusomwa tena. Umenieleza habari za bima ya afya ya SHA, ruhusa ya Rukia kazini na chumba mtakachopanga karibu na hospitali. Chanjo hukuitaja. Sikushangaa, maana mimi nami, nilipoanza dawa za kushusha kinga, hakuna aliyenitajia, na ndiyo sababu nakuandikia usiku huu kabla ya kusahihisha madaftari ya watoto. Mwanaidi, miezi hii 3 ndiyo nafasi ya Salim ya kuchanjwa. Akishawekwa figo, chanjo nyingine hatazipata tena, na zile zitakazobaki hazitamfaa sana.

Nitakueleza nilivyoelewa mimi. Mwili wa Salim utaiona figo ya Rukia kuwa mgeni, hata kama wametoka tumbo moja. Ili usiishambulie, atameza dawa za kushusha kinga kila siku, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Sasa, chembe zilezile zinazomtambua mgeni ndizo zinazojifunza kutokana na chanjo. Ukizilaza ili figo ikae salama, umezilaza pia wakati wa somo. Ndiyo maana mtu anayechanjwa akiwa tayari kwenye dawa hizo hupata kinga kidogo, na wengine hawapati kabisa.

Zaidi ya hapo kuna chanjo ambazo zimetengenezwa kwa virusi au bakteria hai waliopunguzwa nguvu. Surua ni mojawapo, tetekuwanga, homa ya manjano, BCG ya kifua kikuu, na polio ya matone. Kwa mtu mwenye kinga kamili hao waliodhoofishwa hawana ubaya. Kwa mtu wa dawa kama zangu wanaweza kupata nguvu wakamwangusha, kwa hiyo akishaanza dawa huwa hapewi. Kama Salim anahitaji mojawapo, ni sharti daktari aamue sasa, na ichomwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Hesabu wiki mlizo nazo, utaona si nyingi.

Chanjo za aina nyingine, ambazo hazina kitu kilicho hai ndani yake, hazitamdhuru hata baadaye. Hizo ni kama ya nimonia, ya homa ya ini aina ya B, ya mafua ya sindano. Lakini hizo pia hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia.

Wewe unajua nilipougua lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake yenyewe, ila hujui kisa cha sindano zangu. Figo zangu zilipoanza kuvuja protini, kliniki niliyokuwa nikienda iliniwekea dripu ya rituksimabu. Dawa nzuri, iliniokoa, siilalamikii. Lakini inafuta chembe zinazotengeneza kingamwili, na kwa miezi 6 hivi baada yake chanjo huwa kama mbegu iliyotupwa juu ya lami. Kama dripu ingeweza kungoja wiki 4 tu, ningechanjwa kwanza. Hakuna aliyeuliza, nami sikujua kwamba kuna la kuuliza. Dripu yangu ilikuwa Februari 2021. Machi 3 mwaka huohuo ndege ikaleta chanjo za kwanza za korona Nairobi, zaidi ya dozi milioni 1 za AstraZeneca.

Walimu tulikuwa katika kundi la kwanza pamoja na wahudumu wa afya na askari. Nilipanga foleni nikafika mbele, nikaulizwa kadi ya kazi. Nilimwambia muuguzi nina lupasi na ninatumia dawa gani. Akaniangalia kwa huruma kweli, akasema fomu yake haina mahali pa kuandika hayo. Nikachanjwa kwa ajili ya chaki, ugonjwa wangu haukuandikwa popote. Baada ya dozi ya pili daktari mpya alinipima kingamwili, hakukuwa na kitu. Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza watu wenye kinga iliyoshuka waongezewe dozi kama sehemu ya chanjo yao ya msingi, bila kusubiri nyongeza ya watu wote. Niliposikia hilo redioni nilirudi kituoni siku ya pili yake. Niliambiwa ningoje zamu ya kila mtu. Mwanaidi, nilitembea kutoka pale hadi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka watu wa matatu wanione nikilia.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nataka uone kwamba mpango wetu wa chanjo umejengwa kwa ajili ya mtoto, na kwa mtoto umejengwa vizuri. Mtoto anazaliwa, mama anapewa kijitabu, tarehe zimeandikwa: wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Bila malipo. Mtu mzima aliyepoteza kinga yake hana kijitabu. Daktari wa figo anaangalia figo, daktari wa viungo anaangalia viungo, muuguzi wa chanjo anangoja watoto. Huyo mtu mzima anapita katikati yao na hakuna anayemwita. Na sisi si wachache: kuna walio kwenye dawa za saratani, kuna wa siko seli ambao bandama limekufa na nimonia inaweza kuwaua kwa siku moja, kuna wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kuna waliowekwa figo.

Chanjo ya nimonia ya watu wazima niliitafuta mjini kwa siku 3. Duka la dawa la kwanza hawakuwa nayo. La pili walikuwa nayo lakini stima ilikuwa imepotea tangu usiku, na mwuzaji, Mungu ambariki, alikataa kuniuzia kwa sababu hakuwa na hakika friji ilibaki kati ya nyuzi 2 na 8. La tatu, Upper Hill, waliniambia niiagize na nilipe kwanza. Nililipa pesa za karo ya muhula za Mutua, nikaenda shuleni kwake kuomba muda. Nilikuja na kibaridi kidogo chenye barafu, nikakishika mapajani hadi zahanati ya hapa mtaani. Muuguzi alinidunga vizuri, kisha akatafuta pa kuandika. Alipekua, akapekua, mwishowe akachukua daftari la mazoezi nililokuwa nalo kwenye mkoba, akaandika ndani ya jalada: jina la chanjo, namba ya chupa, tarehe, sahihi. Tangu siku hiyo daftari hilo ndilo kijitabu changu.

Katikati ya mwaka 2025, BCG na matone ya polio vilipoadimika katika vituo vya umma, niliona akina mama wa mtaa wetu wakirudi na watoto mgongoni bila kuchanjwa. Nilikosa usingizi. Kama mwenye kijitabu anarudishwa, mimi nitasikilizwa na nani?

Na watoto hao ndio wananilinda, hili ndilo ambalo watu hawalijui. Tetekuwanga haimo katika chanjo za kawaida za watoto hapa Kenya, basi muhula uliopita mtoto wa Gredi ya 4 alikuja na malengelenge yaliyofichwa na sweta, akanikumbatia asubuhi kama kawaida yake. Nilimpigia simu mama yangu kule kijijini Mwala, mikono ikitetemeka. Akaniambia, wewe na kaka yako mliugua pamoja, niliwaogesha maji ya mwarobaini wiki nzima. Damu ilipimwa, kinga ya utotoni bado ilikuwepo. Kama isingekuwepo huenda ningelazwa hospitalini. Lakini surua siiogopi hivyo, ingawa inakaa hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa sababu karibu kila mtoto wa darasa langu ana dozi zake. Surua inataka watu 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa ndipo ikose njia. Mzazi akimleta mwanawe wa miezi 18 kwa dozi ya pili, ile ambayo wengi huisahau, mimi huku napumua.

Huko kwenu Pwani ndiko hili lilikoonekana waziwazi. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya nimokoka, bakteria wa nimonia, mwaka 2011, na watafiti wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na shirika la Wellcome pale Kilifi walifuatilia. Ugonjwa mkali wa aina zilizomo ndani ya chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kisha wakaona umeshuka pia kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa, maana watoto waliacha kuubeba puani. Salim amekuwa akikingwa na wajukuu wa jirani pasipo kujua.

Kwa hiyo kabla ya kliniki ya Jumanne kuna mambo naomba ufanye. Kwanza, tafuta cheti chake cha homa ya manjano cha wakati alipokuwa akiendesha lori hadi Kongo. Sijui atarudi barabarani au la, lakini tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, na chanjo yenyewe hatapewa tena akishawekwa figo. Kikipotea itakuwa kazi kubwa. Halafu muulize Mama kama Salim aliugua surua na tetekuwanga utotoni, na bila kujali atakavyojibu, mwombe daktari apime kingamwili zake. Kumbukumbu ya mama ni nzuri, damu ni nzuri zaidi.

Uliza habari ya homa ya ini B. Mtu wa mashine hupewa dozi maradufu ya ile ya watu wengine, na baadaye hupimwa kama imeshika, kwa hiyo inawezekana alishaanza. Waonyesheni tarehe. Uliza ya nimonia, kwamba ni aina gani waliyo nayo na kama atahitaji ya pili baada ya wiki 8. Uliza ya mafua, ambayo huchomwa kila mwaka. Daktari akikwambia tutaangalia baada ya upasuaji, Mwanaidi, usiinuke kwenye kiti. Mwulize kwa adabu kwa nini baada na si kabla. Inawezekana ana sababu, mgonjwa ni wake na anamjua. Ila aiseme.

Na nyinyi wa nyumbani mjichanje. Mama na Rukia wapate ya mafua. Watoto pacha wa Rukia, kama hawajapata chanjo ya pili ya surua, wapelekwe wiki hii. Majirani watakuambia mtoto aliyechanjwa surua atamwambukiza mgonjwa. Si kweli, virusi vile havitoki kwa mtoto kwenda kwa mtu mwingine. Matone ya polio na ya kuhara ndiyo yenye jambo la kuangalia, kwa sababu virusi vyake hutoka na choo kwa muda. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani aliyepewa matone, mwelezeni daktari, na nepi Salim asizishike. Mikono ioshwe kwa sabuni. Hayo tu, msimfukuze mtoto nyumbani.

Nimetoa nakala ya daftari langu, kurasa zote, na nyuma nimeandika maswali haya kwa herufi kubwa ili Salim ayasome mwenyewe. Asiachiwe kukaa kimya wakati nyinyi mnamsemea. Pia nimenunua daftari jipya la kurasa 48, jalada la bluu, nikaandika jina lake na mistari ya tarehe. Kila sindano, muuguzi aandike humo na atie sahihi. Vyote nimevitia bahasha moja, na kesho asubuhi nitaipeleka ofisi ya basi mjini. Itafika Mombasa Jumatatu usiku. Nenda na kitambulisho.

Jumanne mkitoka tu kliniki nipigie, hata nikiwa darasani. Nimeshamwambia mwalimu mkuu.

Wako daima,
Nduku