Sungura wako anatokwa machozi? Mfunue na mdomo

Simu ya namna hii tunaipokea mara kwa mara kwenye kliniki yetu ya sungura: "Chinchilla wangu ana jicho bovu, naomba mniambie ninunue dawa gani." Kabla ya dawa tuliweke sawa jina. Hapa Arusha, na kwa wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya, chinchilla ni yule sungura wa kijivu ambaye ukimpuliza manyoya unaona rangi zimepangana kama tabaka: chini kijivu cha kukoza, katikati nyeupe, juu ncha nyeusi. Mbegu hiyo ilitoka Ufaransa, ikaonyeshwa hadharani mwaka 1913, na jina ililipata kwa sababu manyoya yake yalifanana na ya chinchilla mwenyewe, mnyama mdogo wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ambaye kwa ukoo yuko karibu na simbilisi kuliko sungura. Wawili hawa si ndugu, ila jambo moja wanafanana: meno yao hayaachi kukua mpaka wanakufa. Na jambo hilo ndilo linalotufanya tumkague mdomo sungura aliyeletwa kwa ajili ya jicho.

Mwaka jana, kipindi cha baridi, mama mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la nne. Mtoto alikuwa amembeba dume la kijivu ndani ya kikapu cha sokoni, amelifunika na khanga. Chini ya jicho la kulia manyoya yalikuwa yameloa na kushikana, ngozi imeanza kuwa nyekundu, na kwenye kona ya ndani ya jicho kulikuwa na tongotongo nyeupe, nzito. Mama alisema amemtia dawa ya macho iliyobaki ya mtoto kwa wiki tatu. Jicho linapona siku mbili, linarudi. Linapona, linarudi.

Daktari wa mifugo tunayefanya naye kazi hakuanza na jicho. Alimwuliza mtoto sungura wake anakula nini, na mtoto akajibu kwa fahari kabisa: mkate, biskuti, karoti na chakula cha punje cha dukani. Nyasi? "Anapenda kidogo tu." Daktari akafunua midomo, na meno ya mbele yalikuwa yamerefuka na kupinda, ya juu yakiingia ndani badala ya kukutana vizuri na ya chini.

Inafaa ujue machozi ya sungura yanapita wapi, kwa sababu ukishalijua hilo mengine yote yanaeleweka. Binadamu ana matundu mawili ya kutolea machozi kwenye kila jicho, moja kope ya juu na moja kope ya chini. Sungura analo moja tu, la chini. Kutoka hapo kuna mfereji mwembamba unaoteremka ndani ya mfupa wa uso hadi puani, na njiani unapita jirani kabisa na mizizi ya meno ya juu: kwanza magego, kisha ya mbele. Mahali hapo mfereji unajipinda na kuwa mwembamba zaidi. Meno ya mbele ya sungura hukua takribani milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Asipopata kitu cha kuyasaga, kama nyasi, hayarefuki kwenda mdomoni tu, mizizi nayo inasukumwa kurudi kwenye mfupa. Mzizi ukiubana mfereji, machozi hayana pa kwenda isipokuwa shavuni. Yakituama ndani, vijidudu vinazaliana humo na unapata usaha. Hapo unaweza kutia dawa ya macho mwaka mzima: unaosha mlango wakati bomba limeziba ndani ya nyumba.

Yule dume alitiwa matone ya ganzi, kisha daktari akaingiza mrija laini kabisa kwenye lile tundu la chini na kusukuma maji ya chumvi polepole. Mara ya kwanza hayakupita. Mara ya tatu yakatoka puani, yakibeba uchafu mweupe kama maziwa yaliyokatika. Mtoto alishtuka, halafu akacheka kwa furaha alipoelewa kwamba ndio uliokuwa unamsumbua rafiki yake. Meno yakapunguzwa kwa kifaa cha kusagia. Tunakuomba sana usijaribu kuyakata nyumbani kwa mkasi wa kucha au koleo: jino la sungura hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, na jeraha hilo ni baya kuliko lile ulilotaka kulitibu.

Si kila jicho bovu ni meno. Tukimpokea sungura, swali letu la mwanzo ni hili: jicho moja au yote mawili? Yakiwa yote mawili, tunafikiria kwanza hewa anayoivuta. Likiwa moja, tunafikiria jino, mchomo wa nyasi, kwaruzo la mwenzake, au kitu kilichonasa chini ya kope. Si sheria isiyovunjika, lakini inatuelekeza.

Hewa ndiyo inayotuletea wagonjwa wengi miezi ya Juni na Julai. Baridi ikishuka, watu kwa huruma wanafunika banda kwa turubai na viroba pande zote nne. Sungura hapati baridi, ni kweli, lakini mkojo wake unabaki humo humo na hewa ya amonia inapanda. Wewe ukisimama huisikii, kwa sababu pua yako iko juu. Asubuhi kabla hujafunua banda, inama mpaka kichwa chako kilingane na chake, uvute pumzi. Macho yako yakiwasha, ujue yeye amelala humo usiku kucha. Acha pande moja ya juu wazi, ziba upande unaotoka upepo, na ondoa maranda yaliyolowa kila siku. Tukizungumzia maranda: chukua yale mapana yanayojikunja yanayotoka kwenye randa la seremala, usichukue unga wa msumeno. Unga ule unapeperuka kila akiruka, unaingia machoni na puani. Nyasi zilizokaa muda mrefu hadi kufanya vumbi, zikung'ute nje kwanza.

Halafu kuna maambukizi yenyewe ya vijidudu, na sungura mwenye hayo unamtambua kwa dalili nyingine. Anapiga chafya, pua ina kamasi, na ukitazama miguu ya mbele kwa ndani utakuta manyoya yamegandamana kwa sababu anajifutia pua hapo. Mara nyingi ni kijidudu kiitwacho Pasteurella, ambacho sungura wengi wanaishi nacho kimya mpaka siku mwili unapochoka. Mtenge na wenzake, mpe chombo chake cha maji, mhudumie wa mwisho, na unawe mikono. Sungura hutegemea pua kupumua, kwa hiyo pua iliyoziba kwake si mafua ya kawaida.

Sasa dawa. Hapa nitasema kwa msisitizo, kwa sababu limenigusa mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya biashara hii tulikuwa na jike moja la kijivu, mpole, lenye uzazi mzuri, likapata usaha jichoni. Sikumpigia daktari. Nilikuwa na chupa ya amoksilini ya watoto nyumbani, nikampa kwa bomba la sindano mdomoni, kipimo kidogo tu, nikijua nafanya jambo jema. Siku ya tatu aliacha kula, akaanza kuharisha, na siku ya tano hakuwepo. Jicho halikumwua. Nilimwua mimi kwa dawa. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyema vinavyovundisha nyasi. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamaisini au linkomaisini zikipitia mdomoni zinaviua hivyo vyema na kuwaachia nafasi wabaya wanaotoa sumu. Kwa chinchilla wa Andes na kwa simbilisi hatari ni ile ile. Zipo dawa za kumeza ambazo sungura anazivumilia, na daktari wa mifugo anazijua. Wewe usibahatishe.

Hatari ya pili iko kwenye matone ya macho ya binadamu. Soma kijikaratasi au ubavu wa chupa. Ukiona deksamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, usitie. Dawa hizo hupunguza wekundu haraka, ndiyo maana watu wanazipenda, lakini kama kioo cha jicho kina kidonda, zinazuia kidonda kufunga na jicho linaweza kutoboka. Na kidonda hicho huwezi kukiona kwa macho tu. Daktari anaweka rangi maalumu ya machungwa, anasuuza, kisha anamulika kwa mwanga wa bluu. Palipo na kidonda panang'aa kijani. Ni kipimo cha dakika chache, na sisi hatumruhusu sungura kuondoka na dawa yoyote ya jicho kabla hakijafanyika. Kuna wateja wanaona tunawachelewesha. Tunawaelewa, ila hatutabadili hilo.

Wakati unasubiri kuja, unachoweza kufanya nyumbani ni kusafisha, na ukifanya vizuri kinasaidia sana. Nunua chupa ya maji ya dripu ya chumvi, ile ya asilimia 0.9, ipo karibu kila duka la dawa. Pasha kiasi kidogo mpaka kiwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mfunge sungura kwenye taulo au khanga nzito, umkumbatie kifuani huku makalio yake yameegemea mkono wako, asipate nafasi ya kurusha miguu ya nyuma. Sungura akipiga teke hewani kwa nguvu anaweza kujivunja uti wa mgongo. Lowanisha shashi, iweke juu ya tongotongo iliyokauka na usubiri ilainike, usiibandue. Kisha futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, mara moja, tupa, chukua nyingine. Jicho la pili lipate shashi yake. Mwisho kausha manyoya ya shavu kabisa, kwa sababu yakibaki mabichi ngozi inachubuka, na inzi hutaga hapo. Usitie chai, tangawizi, asali wala maziwa ya mama. Najua vyote hivyo vinatajwa na watu wenye nia njema.

Usisubiri siku ya kliniki yetu, njoo au nenda kwa daktari aliye karibu siku hiyo hiyo, ukiona jicho limefumba kabisa na halifunguki, au kioo chake kimekuwa cheupe au cha bluu, au jicho linatokeza nje kuliko la pili. Jicho linalotokeza mara nyingi lina jipu nyuma yake lililoanzia kwenye mzizi wa gego, na usaha wa sungura hautiririki kama wetu. Ni mzito kama siagi, hautoki kwa kutoboa tu. Na jambo lililo zito kuliko jicho lenyewe: sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 yuko hatarini, hata kama jicho limeanza kupona.

Kwa wanaofuga kwa ajili ya kuzalisha, neno dogo kuhusu vitoto. Vinafungua macho kuanzia siku ya 10 hadi ya 12. Ukifika siku ya 13 na kope bado zimeshikana huku zimevimba, kuna usaha chini yake. Lainisha kwa shashi ya maji ya chumvi vuguvugu kwa dakika kadhaa, zitaachana zenyewe au kwa kusaidiwa kidogo sana na kidole. Usizivute. Badilisha majani na manyoya ya kiota siku hiyo hiyo, kisha mlete kitoto kwa dawa. Vikichelewa, vinabaki vipofu.

Yule dume wa kijivu bado ni mgeni wetu. Mizizi iliyokwisha kurefuka hairudi nyuma, na tuliwaambia mama na mtoto ukweli huo siku ile ile. Kwa hiyo anakaguliwa meno kila baada ya wiki sita, na mara mbili mfereji umeoshwa tena. Lakini mkate na biskuti vimekwisha. Sasa anakula nyasi mchana na usiku, konzi ya mchunga jioni, na punje vijiko viwili tu. Mtoto ndiye anayekwenda kukata nyasi akitoka shule.

Daktari anakuwa nasi kila Jumatano alasiri na Jumamosi asubuhi. Kukagua macho na meno kunafanyika kwa pamoja na kunalipiwa mara moja, kwa sababu kwetu ni kazi moja. Mlete ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, si kwenye kiroba. Beba dawa yoyote uliyokwisha kumtia, hata kama imebaki chupa tupu, na konzi ya chakula anachokula kila siku tukione. Kama ana mwenzake waliyezoeana na haumwi, waje wote wawili, anatulia zaidi. Na usimnyime chakula asubuhi hiyo kwa kudhani atapewa dawa ya usingizi. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu. Weka nyasi humo humo kwenye boksi, ale njiani.