Uso Kabla ya Wembe: Barua kwa Mwanangu

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, sisi hatujambo. Mama yako amerudi kutoka Kigamboni akiniambia kwamba umejaa vipele chini ya taya, na kwamba kila asubuhi unajinyoa kwenye uso mkavu huku ukikimbilia kuwahi pantoni. Sikushauri ubadilishe wembe. Tangu Mmarekani King Camp Gillette alipopata hataza ya wembe wake mwaka 1904, wauzaji wametuaminisha kwamba siri yote iko kwenye makali, ilhali sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla wembe haujagusa ngozi.

Ndevu zimeumbwa kwa keratini, protini ya jamii moja na ile ya kucha, na bila shaka umeona jinsi ukucha unavyokatika kwa urahisi ukitoka kuoga. Unywele ukifyonza maji huvimba na kulainika, ukakatika bila kuvutwa. Ukiwa mkavu hushindana na wembe, nawe unalazimika kuukandamiza, na hapo ndipo ngozi inapoumia. Kulainika huko huchukua dakika mbili au tatu, kwa hiyo unyoe baada ya kuoga, si kabla, au ulowanishe taulo dogo na kujifunika nalo usoni wakati nguo zako zinapigwa pasi. Wengi husisitiza maji ya moto. Mimi naona kwamba kwa joto la Dar es Salaam, hasa mwezi wa Januari ambapo maji ya tangi la juani hutoka bombani yakiwa vuguvugu tayari, huna haja ya kuwasha jiko. Maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ikiwasha.

Jambo linalokukwamisha zaidi, nadhani, ni maji ya kisima ya hapo unapoishi. Ulilalamika kwamba sabuni haitoi povu, na hilo si kosa la sabuni: maji ya visima vingi yana kalisi na magnesi, ambazo hushikana na sabuni na kuigeuza kuwa utando mweupe unaoganda kwenye beseni na usoni pia. Kunyoa hakuhitaji maji mengi. Chota nusu lita katika yale unayonunua kwa ajili ya kunywa, au kinga ya mvua wakati wa masika, uyatumie kuchapia povu, na ya kisima yabaki ya kuogea.

Povu lenyewe liwe zito na lenye maji, si lile kavu jepesi linalopeperuka kama la kufulia. Lovya brashi, izungushe juu ya sabuni ya kunyolea, kisha uzungushe usoni taratibu, hasa kwenye kidevu na juu ya mdomo ambako ndevu ni ngumu kuliko za mashavuni. Brashi huzisimamisha ndevu zilizolala na kupeleka povu hadi mashinani mwake. Acha povu likae dakika moja zaidi, na likianza kukauka ongeza matone ya maji. Mafuta ya nazi, ukiyapenda, yatangulie povu lakini yasitangulie maji, kwani yakipakwa kwenye ndevu kavu huzuia maji kupenya.

Kabla ya hayo yote, jioni moja pitisha kidole shingoni ujue ndevu zako zimelalia wapi. Zangu za chini ya koo huelekea juu, na huenda umezirithi. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa kinyume cha mlalo wake huku umevuta ngozi, ncha kali hubaki chini ya ngozi na kuota ikirudi ndani, na huo ndio upele wa ndevu unaokusumbua. Fuata mlalo, usivute ngozi, uridhike na kidevu kinachokwaruza kidogo mkononi. Palipovimba sasa pasiguswe na wembe hadi papoe. Mwombe msimamizi wako ofisini akuvumilie majuma machache, nami sioni aibu katika ombi hilo.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi na ukaushe kwa kugusagusa. Kipande cha shabu kilicholowanishwa husimamisha damu ya mchubuko mdogo; spiriti ya vinyozi iache, inakausha ngozi bure. Wembe usimwazime mwenzako wa chumbani hata siku moja, wala usiazime wake, kwa kuwa homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita katika damu usiyoiona.

Dada yako atakuletea brashi na sabuni Jumamosi. Ngozi ikishapoa, anza Ijumaa usiku, usiku ambao hakuna pantoni ya kuwahi.

Ni mimi baba yako.