Barua ya wazi kwa vijana wangu wa GRE

Wanangu,

Marahaba. Nasikia kila Jumamosi mnakutana kukariri maneno magumu ya Kiingereza kwa ajili ya GRE, ule mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili. Karirini, sikatazi. Ila sehemu ile ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41, na karibu nusu yake ni ufahamu. Huko msamiati peke yake haukufikishi mbali.

Mimi nimekulia kwenye mizinga ya nyuki, Tabora. Siku moja katika mazoezi nikakutana na kifungu cha nyuki. Nikacheka peke yangu: hili si la kwetu hili! Mwandishi alisema kundi likihama, mara nyingi huwafuata nyuki wachache waliotangulia kukagua pango. Nikachagua jibu lenye neno “daima”, maana ndivyo nilivyoona tangu utotoni. Nikakosa. Swali halikuniuliza nyuki hufanya nini. Liliuliza mwandishi kasema nini. Mwenzangu ambaye nyuki anawajua kwa kuumwa tu alipata. (Iliniuma kuliko mwiba wao.)

Tangu hapo, nikiona jibu lina “daima”, “wote” au “pekee”, narudi kwenye kifungu kumtafuta aliyelisema.

Jingine ni “lakini”. Vifungu vingi huanza na maoni ya wataalamu fulani, halafu mwandishi anageuza usukani: lakini, hata hivyo, ijapokuwa. Ukiulizwa msimamo wake, usimtwishe maneno ya watu anaowapinga. Andika pembeni maneno matatu tu: nani kasema, nani kapinga, kwa nini. Zaidi ya hapo ni kupoteza dakika.

Kuna maswali ya visanduku vitatu, ambayo majibu sahihi yanaweza kuwa moja, mawili au yote. Pima kila kisanduku peke yake. Nusu alama hakuna. Likikushinda swali, liwekee alama ulirudie kabla sehemu hiyo haijafungwa, na usiache tupu, kwani kukosa hakupunguzi kitu.

Mitihani miwili ya bure ya POWERPREP, ile ya mazoezi inayotolewa na watunzi wenyewe wa GRE, msiimalize wiki ya kwanza huku simu zinaita.

Jumamosi ijayo njooni na kifungu kimoja, siyo ishirini. Anayetaja jibu awaonyeshe wenzake mstari uliompa. Asiye na mstari, hata kama kapatia, hatumhesabii.

Mzee wenu