Kwa Mdogo Wangu: Kuhusu Mstari Uliomtumia Mama

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu hupokei, na ujumbe ninaokutumia unausoma na kunyamaza. Jina lako silitaji, wala la kanisa lako. Wenye hali kama yetu ni wengi, na huenda mmoja wao akakufikishia.

Kwanza nikutoe hofu: sikuombi uache imani yako. Ulipoacha pombe sote tulishukuru. Ukalipa madeni, ukawa mtu wa kuamka alfajiri kusali, ukisema neno unalitimiza. Hayo nitayasema mbele ya yeyote.

Ninalokuomba linamhusu Mama.

Alimfumia mwanao sweta. Ukairudisha vilevile ilivyokunjwa, juu yake kikaratasi: "1 Wakorintho 5:11." Basi, hata salamu hakuna. Mama akachukua Biblia yake ya herufi kubwa, akaufuata ule mstari kwa kidole, neno kwa neno, mpaka pale panapokataza hata kula na mtu wa namna hiyo. Halafu akaniuliza, "Kati ya hawa mimi ni yupi? Mzinzi, mlevi, au mnyang'anyi?" Nilikosa la kumjibu.

Wewe nakujibu. Paulo hapo anamsema "mtu aitwaye ndugu", aliyemo kundini na bado anaishi katika dhambi hizo. Mama hajawahi kuwa mshirika wa kanisa lako hata siku moja. Soma mistari miwili inayofuata: walio nje, anasema, Mungu ndiye atakayewahukumu. Na katika barua hiyohiyo, sura ya 7, anamwambia ndugu mwenye mke asiyeamini asimwache, maadamu mke anakubali kukaa naye. Ikiwa ndoa inaweza kubeba tofauti hiyo, mtu na mama yake mzazi washindwe na nini?

Najua utanitajia Luka 14:26, habari ya kumchukia baba na mama. Nimeisoma. Lakini aliyesema hayo ndiye yule wa Marko 7, aliyewakemea waliomruhusu mtu kuita mali yake Korbani, wakfu kwa Mungu, ili asimsaidie tena mzazi wake. Ndiye aliyetundikwa msalabani na bado akahakikisha mama yake amepata wa kumtunza. Ndugu zake mwenyewe, Yohana 7:5 inasema, hawakumwamini. Fungua Matendo 1:14 uone wako wapi: orofani, wanasali pamoja na Mariamu na mitume. Wangefikaje pale kama mlango ungekuwa umefungwa?

Naelewa pia kwamba pengine uamuzi si wako peke yako. Ukionekana kwetu utaitwa ujieleze mbele ya wazee wa kanisa, na marafiki zako wote sasa wamo humo. Ni mzigo, sikatai. Ila kwa sasa anayeubeba ni Mama.

Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari amesema ni jambo la kawaida, lakini yeye anaogopa, na kila akiulizwa nani atamsindikiza anaanza na jina lako. Njoo. Hutaki kusali nasi, kaa nje tukisali, kisha uingie. Hutaki kula nasi, njoo umeshiba, hakuna atakayekulazimisha. Tarehe nitakutumia, na ukiweza kuja na mtoto, njoo naye.

Dada yako